Picha za Siku ya Singo na Simu Yangu ya Zamani

Tangu nihamie huku Zuzu, Dodoma, wengi mmeniuliza kama nimelizoea vumbi na baridi ya mwezi wa saba. Nimezoea, alhamdulillah. Hata mlenda nimeuzoea. Leo lakini nataka kuzungumza kuhusu simu yangu, na kuhusu aibu iliyoninyima usingizi.

Mwaka juzi, siku ya singo yangu kule Mwanakwerekwe, tulipiga picha nyingi. Mnajua wenyewe inavyokuwa: mlango umefungwa, hakuna mwanamme, kila mtu kanga kifuani na nywele wazi, singo mpaka masikioni, somo yuko katikati anacheza. Simu iliyopiga picha ilikuwa yangu tu, na niliwaahidi wote kwamba picha hazitoki.

Mume wangu ni Mrangi wa Kondoa na anafanya kazi mjini Dodoma, kwa hiyo nyumba yetu haipungukiwi wageni. Jioni moja watoto wa shemeji walikuwa sebuleni wanaangalia katuni kwenye kishikwambi. Kishikwambi kile nilikuwa nimekiwekea akaunti yangu, ile ile ya kwenye simu, kwa sababu sikuwa na nyingine. Katuni ikaisha, kikatulia kidogo, halafu kikaanza kuonyesha picha zangu za zamani moja baada ya nyingine. Mie niko jikoni. Nikasikia mtoto anapiga kelele, "Mama mdogo huyu hapa!" Nilipotoka, mashemeji zangu wawili walikuwa wanatazama zulia. Wallahi sijui waliona ngapi. Hawakusema kitu, nami sikuuliza.

Kilichoniuma zaidi si picha zangu. Zilikuwamo za shangazi, za majirani, za mashoga niliokua nao. Zile zilikuwa amana. Nikaanza kupiga simu Unguja, mmoja mmoja. Shangazi alicheka, akasema yeye mzee, nani atamtazama. Shoga yangu mmoja alinyamaza, halafu akakata simu. Siku nne hakunipokea.

Mwisho wa wiki akaja wifi yangu mdogo, anayesoma kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma. Aliishika simu yangu, akaipekua, akanambia ukweli ambao sikuutaka: hakuna aliyeiba picha. Siku ya kwanza simu iliponiuliza kama picha zihifadhiwe mtandaoni, nilibonyeza ndiyo bila kusoma, na tangu hapo kila picha ilikuwa inapanda yenyewe. Ningeweza kuzima hilo kwa dakika moja tu. "Lakini wifi, lipo jingine," akasema. Simu ni ya 2019, na kiwanda kilishaacha kuitumia masasisho ya usalama. Matundu yanayogunduliwa sasa hayazibwi tena. Mie nikafikiria kununua mpya. Yeye akataja LineageOS.

Nitaeleza kama nilivyoelezwa. Kila simu ina mfumo endeshi, yaani programu kubwa inayoiamsha simu na kuziendesha programu nyingine zote. LineageOS ni mfumo endeshi huria: maandishi yake ya ndani yako wazi, yeyote mwenye ujuzi anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa, bila kulipa. Nikamwambia hiyo basi ni kama kisima cha wakfu, kila mtu anachota na hakuna wa kukiuza. Akasema karibu hivyo, ila si sawasawa. Kiini chake ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na hiyo kweli ina sharti: ukiibadilisha na kuigawa, lazima utoe na maandishi yake. Juu ya kiini hicho kuna Android, ambayo Google waliyafungua maandishi yake mwaka 2008, na sharti lake ni jepesi zaidi, kampuni ya simu inaweza kuchukua na kuufunga upande wake. Tena hata kwenye LineageOS, vipande vinavyoendesha kamera na mtandao mara nyingi ni vya kiwanda, navyo havijafunguliwa.

Kilichonivutia ni jinsi ulivyopatikana. Mwaka 2009 Mmarekani Steve Kondik alianza kutengeneza Android yake, akaiita CyanogenMod, na watu wengi wakamsaidia kwa kujitolea. Baadaye ikazaliwa kampuni ya kufanyia biashara, mambo yakaharibika, na Desemba 2016 huduma zake zikafungwa. Ingekuwa programu ya kawaida, ingezikwa na kampuni. Lakini maandishi yalikuwa wazi, wale waliojitolea wakayachukua, wakabadilisha jina, wakaendelea. Ndiyo maana simu ambayo mwenye kiwanda ameiacha inaweza bado kupata masasisho. Kwetu pia uhuru huo ulishatumika: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili.

Sasa msikilize kwa makini, maana hapa ndipo mtu anapoweza kulia. Kuweka mfumo mpya kunafuta kila kitu kwenye simu. Kila kitu. Na si kila simu inakubali. Lazima jina kamili la toleo lako liwemo kwenye orodha yao, na simu nyingi za bei nafuu tunazonunua hazimo. Ukiweka mfumo wa simu nyingine, unaweza kubaki na kipande cha plastiki. Yangu ilikuwemo. Tukahamishia picha zote kwenye flashi, tukazifungua moja moja kuhakikisha zimefika. Wifi akanifundisha kugusa namba ya toleo mara saba ili mipangilio ya mafundi ijitokeze, halafu simu ikataka kibali cha kuifungua, tukaambiwa tusubiri saa 168. Wiki nzima! Kazi yenyewe siku ilipofika haikumaliza hata saa moja, na alifanya kila kitu mbele yangu. Hilo nililipenda. Sikulazimika kumwachia fundi wa kibandani simu yenye picha za watu.

Huu mwezi wa tatu naitumia. Haina akaunti inayodai kuhifadhi picha. Picha inakaa kwenye simu mpaka niitume mwenyewe. Programu nyingine huria nazipata F-Droid, na WhatsApp ipo. Ya nyakati za swala nimeiwekea Dodoma, kwa sababu huku Magharibi inaingia karibu robo saa baada ya Unguja, na mwanzoni nilikuwa nafungua saumu kwa redio ya nyumbani. Astaghfirullah, siku hizo nimezilipa.

Hasara zipo. Picha za usiku zimefifia kuliko zamani. Programu ya benki imekataa kabisa kufunguka kwenye simu iliyofunguliwa, kwa hiyo pesa natuma kwa *150*00# kama bibi yangu. Kama maisha yako yote yako kwenye programu ya benki, usiige.

Tena mfumo mpya haukufuta kilichokwisha kupanda mtandaoni. Hilo nililifanya kwa mkono: nikaingia kwenye akaunti, nikafuta picha za singo, halafu nikaenda kwenye pipa lake nikafuta na huko, maana zinakaa humo wiki kadhaa. Kishikwambi nimekiondolea akaunti yangu.

Yule shoga yangu alinipigia siku ya tano. Hakutaka maelezo ya mfumo wala nini. Alitaka nimfutie zake zote, na kwenye flashi pia, huku ananisikiliza. Nikafanya, namtajia moja moja. Mwezi ujao mdogo wake anaolewa, na siku ya singo nimealikwa. Ameshanambia simu niiache kwa mama yake, mlangoni.