Tuliyemsubiri Uvira

Mwaka 2010 pale Nundu, kijiji chetu kando ya Ziwa Tanganyika huko Kongo, kulikuwa na kibanda cha kuchaji simu, jirani na njia iendayo hospitali kuu. Mwenye kibanda alikuwa na kompyuta moja iliyotumia umeme wa jenereta. Jioni vijana tulijipanga mlangoni, kila mtu na kadi yake ya memori. Ulitoa franka mia mbili, naye akakujazia nyimbo kumi alizochagua mwenyewe. Kati ya kumi zangu mmoja uliandikwa "mpya 14". Basi, hilo ndilo lilikuwa jina lake.

Ndani yake vijana walichana kwa Kiswahili cha mtaani, na nyuma yao mtu aliimba kwa sauti nzito inayotoka kooni, kwa lugha tusiyoijua. Kibembe hakikuwa, Kifuliru hakikuwa. Binamu yangu aliyekulia Kigoma mjini alikata shauri: hicho ni Kimasai, aliwahi kuwasikia walinzi wa usiku wakiimba hivyo. Tulibishana naye wiki nzima, kisha tukakubali.

Wimbo ule ulisambaa Nundu kama moto wa kiangazi. Wenye pikipiki waliupiga wakielekea Mboko na Baraka. Wavuvi waliurushiana kwa Bluetooth kabla ya kuingia ziwani. Harusini uliwekwa mara tatu, na mara ya tatu wazee nao walisimama. Tulijifunza maneno yote, hata yale ya Kimasai ambayo hadi leo sijui maana yake. Tulisema kwamba siku moja msanii huyu atakuja kutumbuiza mjini Uvira, na tukaanza kuhesabu nauli.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshavuka ziwa kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kisha nikahamishiwa Marekani, nilianza kazi katika ghala hapa Louisville. Kijana mmoja tunayefanya naye zamu alipenda albamu ya rapa asiyekuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Sijaona mapenzi ya namna ile. Alinunua nyimbo zile kwa pesa yake wakati angeweza kuzisikiliza bure. Alingoja Ijumaa maalumu, kwa sababu tangu Machi 2020 Bandcamp, mtandao wa kuuzia muziki, umekuwa na Ijumaa ambazo hauchukui fungu lake, na msanii hupata karibu pesa yote. Kisha akanunua santuri ya albamu ile ile, ingawa nyumbani hana hata mashine ya kuichezea. Alijua nani alipiga midundo, nani alichora jalada, wimbo upi ulirekodiwa chumbani kwa nani.

Siku moja wakati wa kula aliniuliza: "Na huko kwenu, nani alikuwa mkali?" Nikamwimbia "mpya 14". Akasema, andika maneno unayoyakumbuka, tutafute. Tulitafuta kwa simu yake tukiwa tumekaa juu ya makasha, na kabla muda wa mapumziko haujaisha tukaupata. Wimbo unaitwa Msimu kwa Msimu. Kundi ni X Plastaz wa Arusha, na mwimbaji wa Kimasai anaitwa Merege. Albamu ni Maasai Hip Hop, iliyotolewa mwaka 2004 na OutHere, kampuni ndogo ya Munich, Ujerumani. Wazungu waliwaona jukwaani Ulaya wakati sisi, tunaozungumza lugha moja na kundi hilo, hatukujua hata kama kuna albamu.

Nikaendelea kusoma. Faza Nelly, mmoja wa wachanaji wa kundi hilo, aliuawa mwaka 2006.

Niliiweka simu chini. Miaka minne baada ya mtu huyo kuzikwa, sisi tulikuwa tunahesabu nauli ya kwenda kumwona Uvira. Hatukupata nafasi hata ya kumlilia.

Tangu siku ile nalinganisha. Sitasema wa huku wanapenda muziki kuliko sisi; ingekuwa uongo. Yule mwenzangu husikiliza peke yake, masikio yamezibwa, na albamu anayoisifu hajawahi kuiimba na mtu. Nundu wimbo ulikuwa wa kijiji kizima, na mtoto asiye na simu aliujua sawa na mwenye simu. Hilo nalikosa kila siku. Lakini kwetu wimbo ulitufika ukiwa peke yake, umetenganishwa na wenzake wa albamu moja, umevuliwa jina la aliyeutunga. Mwenye kibanda simlaumu: aliupata hivyo hivyo kwa mwingine aliyeutoa Kigoma, na bila yeye tusingesikia kitu. Jina lilipotea njiani, na pamoja nalo ikapotea njia ya kumpa msanii chochote, hata salamu.

Mwezi uliopita mdogo wangu alinitumia wimbo kwa WhatsApp. Kijana anachana kwa Kibembe na Kiswahili, anataja ziwa, anataja barabara ya mvua inayokwamisha malori, anamtaja mama anayeuza ndagala. Nimeusikiliza mpaka mke wangu akaniuliza kama nina wimbo mwingine. Nilipompigia mdogo wangu kuuliza ni wa nani, alijibu: "Yaya, huyo ni wa huku huku, kila mtu anamjua." Anaitwa nani? Kimya kidogo. "Ngoja niulize."

Faili lenyewe limeandikwa "audio 0031".

Kwa hiyo nawaomba ninyi mlioko Nundu, Mboko, Baraka, Fizi na Nyarugusu. Kabla hujamtumia mwenzako wimbo, shika simu dakika moja ubadilishe jina la faili: jina la msanii, jina la wimbo, mahali anapotoka, mwaka. Kama ametoa nyimbo nane, tuma zote nane kwa mpangilio aliouweka mwenyewe. Nasi tulioko ng'ambo tumtumie msanii huyo kitu kwa simu yake, hata dola tano, akiwa bado hai na bado anarekodi. Mdogo wangu ameniahidi jina kabla ya Jumapili. Nikilipata nitaliandika hapa.