SEHEMU YA 6: Tulikuwa watu 11. Tulichaguaje vyumba?

Sehemu iliyopita niliandika habari za basi, mikojo ya njiani na watoto wanaotapika. Swali lililojaa inbox baada ya hapo ni moja: "Nesi, watu 11 mlilala wapi? Na mlilipaje?" Leo najibu hilo tu. Ni ndefu, weka chai karibu.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni nesi, naishi Rwamishenye hapa Bukoba. Desemba 2024 tuliamua watoto wapelekwe Dar, kwenye yale mabwawa na mitelezo ya maji ya Kunduchi, Wet 'n' Wild. Walikuwa wameyaona kwenye simu ya baba yao miaka miwili mfululizo, wakachoka kuona Ziwa Victoria tu. Tulipanda basi Bukoba mpaka Dodoma, tukalala, kesho yake tukapanda treni ya SGR mpaka Dar.

Tulioenda ni hawa: mimi na baba watoto, watoto wetu wanne, binti wa miaka 14, kijana wa 11, binti wa 8 na kadogo ka miaka 3, mama mkwe, miaka 71, presha na goti, wifi yangu na watoto wake wawili, kijana wa miaka 9 na mchanga wa miezi 7, na shemeji yangu, kijana wa chuo. Watu wazima watano, watoto sita.

Yule kijana wa wifi ana selimundu, ile wengi tunaiita siko seli. Habari yote ya vyumba ilianzia kwake.

Kikao cha familia kilipokaa, mtu wa kwanza kusema alisema: "Huyu aachwe nyumbani, maji yatamuua." Alisema kwa upendo, simlaumu. Tanzania inakadiriwa watoto 11,000 hivi kila mwaka wanazaliwa na ugonjwa huu, na sisi wa Kanda ya Ziwa tunao wengi, kwa hiyo karibu kila ukoo una hadithi yake ya msiba. Lakini mtoto alikuwa mlangoni anasikiliza. Miaka 9 anaelewa kila kitu. Wifi akaniangalia mimi, kwa sababu ndiye mwenye sare nyeupe.

Nikamwambia: twende kwanza kliniki yake, tumsikilize daktari. Daktari hakukataa safari. Alichosisitiza ni kwamba maumivu yanaamshwa na baridi, kukaukiwa maji mwilini, uchovu na maambukizi. Aoge muda mfupi, jua likiwa limepanda, akitoka akaushwe hapo hapo na kuvaa nguo kavu, anywe maji mengi, apumzike mchana, dawa zake za kila siku zisikatike. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: "Mtalala wapi?"

Mama zangu, hapo ndipo nilipoelewa kwamba chumba ndicho kitakachoamua kama huyu mtoto anaenda au anabaki. Kama tungelala mbali, saa mbili kwenye foleni jioni na nguo mbichi, jibu lingekuwa hapana. Kama tungelala karibu, penye maji ya moto, jibu lilikuwa ndiyo.

Tuliweka chaguo nne mezani.

La kwanza, kwa ndugu. Baba mdogo wa mume wangu anakaa Kimara. Mnatujua sisi Wahaya: kwenda Dar ukalala nyumba ya kulipia wakati una ndugu, hilo ni neno litakalosemwa mpaka kwenye misiba. Mama mkwe alisema wazi: "Mwanangu, mnalipa pesa kwa mtu msiyemjua na shemeji yangu yupo?" Lakini nyumba yake ni vyumba viwili na sebule, na wao wenyewe ni sita. Kimara na Kunduchi ni pande mbili tofauti za jiji. Tulilimaliza kwa heshima: baba watoto alimpigia mwenyewe mapema, akamweleza habari ya mtoto, akaahidi Jumapili tutashinda kwake. Tulikwenda na senene wa kukaanga na kahawa ya kutafuna, hakuna aliyenuna. Ushauri wangu: ndugu aambiwe kabla hujafika mjini. Akiona picha zako status ndipo ajue, hapo umeharibu.

La pili, hoteli ya ufukweni karibu na mabwawa. Pazuri jamani, sitawadanganya. Lakini chumba kimoja watu wazima wawili na watoto wawili tu, kwa hiyo tulihitaji vyumba vinne, na tuliambiwa kwa msimu wa sikukuu hawawezi kuahidi vitakuwa ghorofa moja. Bei tuliyotajiwa ilikuwa 200,000 kwa chumba. Zidisha mwenyewe, mara usiku tatu, halafu ukae chini.

La tatu, loji upande wa Tegeta. Chumba self 45,000, tungehitaji vitano, yaani 225,000 kwa usiku. Vilivyobaki vilikuwa ghorofa ya pili, ngazi tu, na baa chini yake. Mama mkwe na goti lake? Na chakula chote cha kununua, watu 11, asubuhi mchana jioni?

La nne, nyumba ya kupanga kwa siku, hizi tunazoziita apatimenti. Vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, hakuna ngazi, upande huo huo wa Kunduchi, bajaji dakika kumi mpaka mabwawani. 180,000 kwa usiku nyumba nzima. Usiku tatu 540,000. Loji ingekuwa 675,000 kabla hatujala.

Kwa hesabu ya pesa tu jibu lilikuwa limeshaonekana. Ila naomba msiishie hapo, maana nyumba ya bei nzuri inaweza kuwa mtego. Hivi ndivyo nilivyoikagua.

Kwanza, NILIHESABU WATU WAZIMA KABLA YA VITANDA. Swali langu halikuwa "vitanda vingapi", lilikuwa "usiku saa nane, kila mtoto anamwamsha nani?" Kwenye loji ya vyumba vitano, lazima chumba kimoja kingekuwa cha watoto peke yao. Mgeni anagonga, umeme unakatika, mtoto anatapika, nani yupo?

Pili, NANI HALALI NA NANI. Hili tuliongee bila aibu. Binti wa miaka 14 hawekwi chumba kimoja na mwanaume mtu mzima, hata awe baba mdogo wake mpendwa. Hatumtuhumu mtu, ni utaratibu, na shemeji mwenyewe alilisema kabla yangu. Kwa hiyo tulipanga hivi: mama mkwe na mabinti wawili chumba chenye choo ndani, ili asitembee gizani usiku. Wifi na watoto wake chumba cha pili. Sisi wawili na kadogo chumba cha tatu. Shemeji na kijana wa 11 sebuleni, godoro chini, na walifurahi kuliko wote kwa sababu ndiko kulikuwa na TV.

Tatu, VIDEO. Picha za mtandaoni zinapigwa siku nyumba inafunguliwa. Nilimwomba mwenye nyumba anitumie video WhatsApp akitembea kutoka getini mpaka chooni bila kukata, afungue bomba la maji ya moto nione mvuke, awashe taa. Mmoja alikataa, nikaachana naye. Huyu alituma. Halafu mtoto wa baba mdogo alipita kuona kwa macho ndipo tukatuma nusu ya pesa. Nusu nyingine tulitoa tukiwa ndani. Usitume yote kwa mtu usiyemjua, hata akikwambia kuna wengine wanasubiri.

Nne, MACHO YA NESI. Hapa ndipo nataka mama wa watoto wadogo msome taratibu.

Maji ya ndoo. Sehemu nyingi bafuni utakuta ndoo au pipa limejazwa kwa sababu maji hukatika. Mtoto anayetambaa, hata wa miaka 2 au 3, akiinamia ndoo kichwa kikatangulia, hawezi kujinyanyua, na anazama kwenye maji machache sana bila kelele. Mnaenda kwenye mabwawa mnaogopa bwawa, kumbe ndoo iko chumbani. Mwaga, au funika kwa mfuniko wa kubana na mlango wa bafu ufungwe.

Jiko la mkaa. Usiwashe ndani ya chumba kwa ajili ya uji wa mtoto, na usiliingize ndani ili kupata joto. Ile hewa haina harufu, mnalala hamwamki. Kama kuna jenereta, liwe mbali na dirisha mnalolala.

Nondo na kufuli. Madirisha yana nondo, mlango una geti. Vizuri kwa wezi. Moto ukiwaka je? Kila usiku ufunguo ukae sehemu moja ambayo watu wazima wote wanaijua. Sisi tuliutundika kwenye msumari pembeni ya mlango, juu kidogo ya mkono wa kadogo.

Chandarua. Dar nako malaria ipo, na kwa mtoto wa selimundu malaria si jambo la kupima kesho. Uliza kila kitanda kina neti, halafu beba zako mbili hata ukiambiwa zipo. Dodoma tulikolala usiku mmoja, gesti ilikuwa na vitanda viwili na neti moja yenye matundu. Zetu ndizo zilitulaza.

Mchanga. Miezi 7 anabingirika. Hakulala kitandani kwenye ile futi sita kwa sita pembeni ya ukuta, alilala kwenye kigodoro kigumu chini, ndani ya neti, bila mito.

AC. Desemba Dar ni joto, kila mtu anataka ipulize mpaka meno yagongane. Chumba cha wifi tulitumia feni iliyogeuzwa ukutani. Baridi ya AC na baridi ya maji, mwili wa yule mtoto hauvitofautishi.

Na kabla hatujafungua mabegi, nilishauliza hospitali. Mwananyamala ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na nilikuwa na namba ya dereva wa bajaji na ya teksi, ambao wote waliniahidi kupokea simu usiku. Kadi ya kliniki ya mtoto na dawa zake zilikaa kwenye mkoba mmoja juu ya kabati. Namba hizo nilizibandika ukutani kwa selotepu.

Sasa ilikuwaje? Siku ya kwanza aliingia majini saa sita mchana, akatoka, akakaushwa, akala, akarudi tena kidogo. Saa tisa wifi alimrudisha nyumbani, akaoga maji ya moto, akalala. Wengine tukabaki. Dakika kumi za bajaji ndizo zilizowezesha hilo.

Usiku wa pili, saa nane, wifi alinigongea. Miguu ilikuwa inamuuma. Nilimpima joto, 36.9. Kifua hakikuuma, anapumua vizuri, macho yake ya kawaida. Alipewa dawa ya maumivu aliyoandikiwa kliniki, maji kikombe baada ya kikombe, tukamkanda kwa taulo la maji ya uvuguvugu. Wifi alikuwa analia kimya na mkono uko kwenye mguu wa mwanawe. Nilimwambia tukiona homa ya nyuzi 38, au kifua kuuma, au maumivu yanagoma dawa, hatusubiri asubuhi, dereva yuko tayari. Saa kumi na moja alisinzia. Hakuna mtu mwingine aliyeamka ndani ya nyumba ile, hata mama mkwe.

Kulipokucha hakwenda mabwawani. Na hapa ndipo nilipoishukuru ile sebule. Ingekuwa loji, angeshinda kitandani chumba chenye pazia zito, akijua wenzake wanateleza. Pale alikaa kwenye kochi, shemeji akabaki naye wakacheza drafti, mama mkwe akawapikia ndizi na maharage tulizobeba kutoka nyumbani. Tuliporudi jioni, hakuuliza tulifanya nini. Alituhadithia sisi alivyomfunga mjomba wake mara tano. Shemeji anasema ni tatu.

Kwa hiyo mkinipigia kuuliza "nesi, tuchukue hoteli gani", nitawauliza kwanza: katika familia yenu ni nani ambaye usiku utamwia mgumu? Mjamzito? Bibi? Mtoto wa pumu? Anayekojoa kitandani na ana aibu mbele ya binamu zake? Tafuteni chumba cha huyo kwanza. Wengine wote watatosha pembeni yake.

Na kama mtoto wako ana selimundu, usichukue ratiba ya kwetu ukaifanya yako. Kila mtoto na hali yake. Nenda kliniki kwanza, uliza habari ya maji, safari na dawa, ndipo ukate tiketi.

Sehemu ya 7 nitaandika habari ya mabwawani kwenyewe: nani anamwangalia nani, na kwa nini boya la mkononi si mlinzi wa mtoto. Kama umewahi kusafiri na familia kubwa, niandikie hapo chini mlilala vipi na ni kitu gani usingekubali tena. Wanaopanga safari ya Juni wanasoma. Usiku mwema waitu.