Punda wa Balaamu na Swali la Mtoto

Katika mihadhara ya fasihi simulizi huwaonya wanafunzi wangu wasiite hurafa kila kisa ambamo mnyama hunena. Sungura na fisi wa ngano zetu ni binadamu waliovishwa ngozi. Punda wa Balaamu, katika sura ya 22 ya Kitabu cha Hesabu, hayumo katika kundi hilo. Yeye ni punda tu mpaka kinywa chake kifunguliwe, na hata hapo hasemi kwa hila: anauliza amekosa nini hata apigwe mara tatu.

Nilikichagua kisa hiki Jumapili moja nilipoombwa kuwasimulia watoto wadogo kanisani, hapa Kakamega. Nilikisimulia katika nafsi ya kwanza, punda akiwa msimulizi. Uamuzi huo hauna ugumu kuutetea. Matini yenyewe humpa mnyama uoni kabla ya bwana wake: ndiye anayemwona malaika mwenye upanga, akakengeuka shambani, akaubana mguu wa Balaamu ukutani, mwishowe akalala chini. Mwonaji aliyeitwa kwa ujira na Balaki, mfalme wa Moabu, haoni kitu. Upatanisho wa Kiswahili nao haumbagui mnyama: punda alimwona, Balaamu hakumwona. (Jambo moja lugha yetu hulificha: katika Kiebrania punda huyu ni jike.)

Nilijitahidi nisiwe msimulizi maizi. Punda wangu hakujua Moabu wala laana. Alijua njia, kuta za mashamba ya mizabibu, fimbo, na uzito mgongoni. Watoto wa Isukha, ambako mafahali wa kupiganishwa hupewa majina, hawakustaajabu mnyama kunena. Walicheka mguu ulipobanwa. Punda alipopigwa mara ya tatu, walinyamaza.

Kisha msichana mmoja mdogo akauliza, "Alimwomba punda msamaha?"

"Ndiyo," nikajibu, "alimwomba."

Nyumbani nilifungua Biblia. Balaamu hukiri kosa, lakini hulikiri mbele ya malaika. Malaika ndiye anayemtetea punda, akisema kwamba angemwua mpandaji na kumwacha mnyama hai. Baada ya hapo Balaamu anaendelea na safari, na punda hatajwi tena katika kisa hicho.

Fanani wa ngano angenitetea: hadhira huuliza, naye huongeza. Lakini nilikuwa nimekifuta kile ambacho mtazamo wa punda ungekidhihirisha kuliko mtazamo mwingine wowote, yaani kwamba aliyepigwa bila hatia hakuombwa radhi. Isitoshe, nilisoma shule ya msingi kabla ya viboko kupigwa marufuku shuleni nchini Kenya mwaka 2001, na simkumbuki mwalimu hata mmoja aliyeomba radhi. Jibu lile lilikuwa langu, si la matini.

Jumapili iliyofuata nilimwambia msichana yule kwamba nilikosea. Balaamu hakumwomba punda msamaha. Akafikiri kidogo.

"Na punda alimbeba tena?"