Pumzi, Nira na Kujifungua

Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi niliuonja kabla hata ya kuitwa mzazi, kwani mimba yangu ya kwanza iliharibika nikiwa katika mwaka wa pili wa masomo. Hivyo basi, nilipopata ujauzito tena, wakati nikiandika tasnifu, furaha na hofu ziliniingia kwa mlango mmoja. Usiku nilihesabu wiki badala ya kulala. Mchana niliusoma ukurasa mmoja wa fonolojia mara nne nisiambulie kitu.

Muuguzi wa kliniki, baada ya kunipima shinikizo la damu, alinishauri nijaribu yoga ya wajawazito. Nilicheka. Katika fikra zangu yoga ilikuwa burudani ya matajiri wa Nairobi. Mama naye alipopata habari alinipigia simu: "Mwanangu, hizo si ibada za Wahindi?" Kweli asili yake ni India, na huko imefungamana na dini tangu kale. Hata hivyo, katika ukumbi ule nilikuta wanawake sita tu, mikeka yao na matumbo yao.

Mwalimu hakututaka tujikunje kama kamba. Alitutaka tupumue: kuvuta pumzi kwa pua tukihesabu hadi nne, kuishusha polepole hadi sita. Mimba zilipokua alitukataza kulala chali, kwa kuwa mji wa mimba huulemea mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Tulilala kwa ubavu wa kushoto, mto kati ya magoti. Wiki ya tatu nililala usingizi hadi asubuhi, nikaamka nikidhani nimechelewa mtihani.

Hapo ndipo maradhi yetu sisi wanafunzi wa lugha yaliponishika. Neno yoga limetokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kuunganisha, kufunga nira. Akili na mwili hufungwa pamoja kama maksai wawili. Nasi je? Kumbe pumzi na kupumzika ni ndugu wa tumbo moja! Miaka yote niliyachambua maneno hayo mofimu kwa mofimu, na sikuwahi kuyasikia.

Uchungu ulinianza saa nane usiku. Nisikudanganye, msomaji mpenzi: yoga haikuupunguza hata chembe. Nilipiga mayowe hadi sauti ikakauka. Ilichonipa ni kazi ya kufanya kati ya wimbi moja na jingine: kuhesabu, kushusha pumzi, kulegeza mabega, badala ya kuikumbuka ile mimba ya kwanza. Mkunga, mama wa makamo ambaye nadhani hajawahi kukanyaga mkeka wa yoga, alirudia maneno yale yale ya mwalimu wangu. "Shusha pumzi, mama. Usijifunge." Nikaelewa kwa nini Waswahili hawakuridhika na kuzaa, wakasema kujifungua.

Binti yangu sasa ana miezi mitano, na tasnifu ingali sura ya tatu. Juzi Mama alitutembelea, akanikuta mkekani, mtoto akinitazama kutoka kwenye mto. Alisimama mlangoni kitambo, asiseme neno. Kisha akavua viatu, akauliza huanzwa na mguu upi.