Herufi kwa Sindano: Matembezi ya Kitete

Msafiri ashukaye stesheni ya Tabora na kushika njia ya Kitete hupata kivuli cha miembe, ambayo yasemekana asili yake ni kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Wazungu wawili, Burton na Speke, walipofika hapa mwaka 1857, mahali pakiitwa Kazeh, waliwakuta Waarabu wamekwisha kujenga tembe zao. Mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi ilikuja merikani kutoka viwanda vya Marekani, pamoja na kaniki ya Bara Hindi. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njia ile, nayo ilipimwa kwa doti, yaani mikono minane.

Twaitaja merikani kwa sababu imefumwa kwa usawa, uzi juu na uzi chini, na kitambaa cha namna hiyo ndicho kimfaacho mshonaji ahesabuye nyuzi. Katika baraza moja ya Kitete tuliwakuta mabinti watatu wakinakili picha ya kitambaa cha kale cha Uingereza, chenye alfabeti iliyotariziwa kwa mishono midogo miwili miwili inayokatana kama herufi X. Vitambaa hivyo vilikuwa daftari la msichana: hapo alijifunza herufi na sindano kwa pamoja, apate kutia alama shuka za nyumbani. Kimoja cha Jane Bostocke, cha mwaka 1598, kimehifadhiwa London. Lakini msomaji asidhani kazi hii ni ya Wazungu peke yao. Viko vya Misri vya zama za Wamamluki, vyenye umri mkubwa zaidi, vilivyodumu katika ardhi kavu ya nchi ile, na leo vimo katika makumbusho ya London na Oxford. Hata neno letu tarizi tumelipata kwa Waarabu.

Binti mdogo alituuliza mbona picha ile haina J wala U. Tukamjibu kwamba zamani I na J zilihesabiwa herufi moja, na U na V vivyo hivyo. Alitaka kuzitia. Kwa maoni yetu anakiliye huandika alichokikuta. Akipenda kuongeza, na aongeze chini, mbali. Tena atie mwaka wake mwenyewe. Wako watu wachovyao kazi mpya katika maji ya chai ipate sura ya ukongwe. Kwa pambo la nyumbani hatuna neno, ila kuiuza kwa jina la kale ni ghushi.

Binti mkubwa alikuwa na kazi yake nyingine: alifu, be, te. Hapa ndipo penye ugumu, maana tumbo la nuni halina pembe, na mshono huu haujui ila miraba. Duara hugeuka ngazi. Nukta nazo zataka hadhari. Jimu, ha na kha ni umbo moja; ukiihamisha nukta umeibadili herufi, na ukiigandamiza kwenye mwili wa herufi umeipoteza. Na iachwe mraba mmoja mtupu kati yake.

Hesabu yake ni hii. Kitambaa kikiwa na nyuzi 28 katika inchi, na kila mshono ukipita juu ya nyuzi 2, inchi hupata mishono 14. Herufi saba zikipewa mishono 10 kila moja pamoja na nafasi yake, mstari ni inchi 5, na mistari 4 hutimiza herufi 28. Merikani ina nyuzi nyembamba mno kwa macho ya wengi. Basi hushikizwa juu yake kitambaa cha matundu, vikashonwa pamoja, kisha nyuzi za kile cha juu zikachomolewa mmoja mmoja.

Mama yao alitaka pia aya kwenye mto wa kiti. Tulimwomba aiache, maana mto hukaliwa. Herufi hizi zitawekwa ukutani.

Tulipoaga, mstari wa kwanza ulikuwa karibu kwisha, naye binti anahesabu nyuzi kabla ya kuiweka nukta ya kha.