Disketi ya Dharura na Akiba Isiyooza

Wahenga waliposema kwamba akiba haiozi, hawakuwa wameiona tarakilishi. Hata hivyo, methali yao yamfaa mno mtu anayeitumia, mradi akubali kuiuliza maswali mawili: akiba ya nini, na ya lini? Maswali haya yalijibiwa waziwazi na kifaa ambacho wanafunzi wengi wa leo hawajapata kukishika, nacho ni disketi ya ukarabati wa dharura.

Mfumo endeshi wa Windows NT 4.0 ulitolewa na kampuni ya Microsoft ya Marekani mnamo mwaka wa 1996. Habari zake muhimu, yaani vifaa vilivyounganishwa, programu zilizowekwa, orodha ya watumiaji na maneno yao ya siri, zilitunzwa katika rejista. Rejista ilipoharibika, mashine ilikuwa mithili ya mtu aliyezinduka asilijue jina lake. Ndiposa mfumo huo ukapewa programu ndogo iitwayo Rdisk, ambayo kazi yake ilikuwa kunakili sehemu za rejista katika disketi moja yenye nafasi ya megabaiti 1.44. Disketi hiyo haikuweza kuiwasha mashine peke yake. Fundi alianza na disketi tatu za kuwekea mfumo, akabonyeza herufi R, kisha akaletewa mambo manne ya kuchagua: kukagua rejista, kukagua mazingira ya kuwashia, kuthibitisha faili za mfumo, na kukagua sekta ya kuwashia. Disketi ya dharura iliitishwa baada ya hapo.

Katika chuo kimoja nchini Kenya, mwaka wa 2003, umeme ulikatika mashine ya namna hiyo ikiwa kazini. Uliporudi, kiwambo kilionyesha ujumbe kwamba faili ya mfumo ndani ya rejista haikupatikana au imeharibika. Mashine hiyo ilikuwa na kazi ya mtafiti mmoja wa fasihi simulizi: unukuzi wa ngano alizosimuliwa na bibi mmoja wa pwani. Bibi huyo alikuwa ameshafariki, na kaseti za mahojiano zilikuwa zimerekodiwa mambo mengine kwa uhaba wa fedha. Maneno ya marehemu hayakuwa na makao mengine.

Fundi aliyeitwa alikuwa mtu mzima, mpole wa kusema. Aliichukua disketi ya dharura kutoka kabati lililofungwa kwa ufunguo, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na siri za watumiaji, akasoma tarehe iliyoandikwa juu yake: Juni 2001. Akatikisa kichwa.

"Fundi, mle ndani mna ngano za marehemu," mtafiti alimwambia. "Hiyo disketi itazirudisha?"

"Mwalimu, humu hamna hata neno moja la bibi," akajibu. "Humu mna ufunguo wa mlango tu. Tuombe Mungu vyombo viwe vingali ndani ya nyumba."

Kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwake alipendekeza sehemu zote za rejista zirudishwe, shughuli iishe. Mzee alikataa. Rdisk ilipoendeshwa bila kuongezewa alama ya /s, ilinakili baadhi ya sehemu za rejista lakini ikaiacha orodha ya watumiaji kama ilivyokuwa siku ya kuweka mfumo. Isitoshe, mtafiti alikuwa amesajiliwa katika mashine hiyo mwaka wa 2002. "Tukirudisha zote," alisema, "mwalimu hatakuwamo." Akachagua sehemu moja tu, ile iliyougua.

Mashine iliamka. Iliwakumbuka watumiaji wake wote, lakini haikuitambua printa iliyonunuliwa baada ya Juni 2001, kwani katika sehemu iliyorudishwa printa hiyo haikuwa imezaliwa bado. Faili za ngano zilipatikana salama. Zilisalimika kwa kuwa diski kuu yenyewe haikudhurika. Lau ingekufa, disketi zote nne zisingalifaa kitu. Mtafiti alinakili kazi yake jioni iyo hiyo katika disketi tatu, akaziweka katika nyumba tatu.

Hapa pana tofauti ambayo wanafunzi wa lugha wanapaswa kuizingatia. Kukarabati ni kukirudisha chombo katika hali ya kufanya kazi, ilhali kuhifadhi ni kukiweka kitu mahali ambapo kitaendelea kuwapo hata chombo kikivunjika. Disketi ya dharura ilikuwa ya kukarabati. Waliodhani kwamba ni ya kuhifadhi walilala usingizi ambao hawakuwa na haki nao. Aidha, hata katika kukarabati, disketi hiyo ilirudisha siku iliyotengenezwa, wala haikurudisha jana. Akiba haiozi, ni kweli, lakini huchakaa kwa kupitwa na wakati.

Zama hizo zimepita. Katika Windows 2000 disketi ya dharura iliendelea kuwapo, ila haikubeba tena rejista. Microsoft iliacha kuihudumia Windows NT 4.0 ya seva mwishoni mwa 2004, na leo ni nadra kuona tarakilishi mpya yenye mahali pa kutilia disketi. Tasnifu, mahojiano na miswada iliyopigwa picha sasa hukaa katika vijiti vya kumbukumbu na katika seva za mbali. Vyombo vimebadilika, maswali ni yale yale. Mwanafunzi anayerejea kutoka nyanjani na sauti za wazee na aulize akiba yake ni ya nini na ni ya lini, kisha aifungue aone kama inasomeka. Mzee aliyezisimulia ngano hizo huenda asiwepo kuzisimulia mara ya pili.