Mchi, Kinu na Sekunde

Programu ya Praat, ambayo Paul Boersma na David Weenink waliiunda Amsterdam kwa ajili ya watu wa fonetiki, haijui kama sauti unayoiingiza imetoka kinywani au kinuni. Inakuchorea mawimbi tu. Ndiyo maana likizo iliyopita, nilipokuwa kwa shangazi yangu Kabambare, niliitumia kupima utwangaji wangu, na huko nikaelewa sura moja ya somo la mdundo wa lugha ambayo darasani tunaikariri tu.

Shangazi anaishi kwa mchele. Hununua mpunga, huutwanga, huupepeta na kuuza kwa vikombe. Mzigo ukitosha hupelekwa Kasongo kwa pikipiki. Kwetu Maniema zao hili lina historia yake: liliingia katika karne ya 19 na misafara ya waungwana kutoka pwani, watu walewale waliotuachia Kingwana, na Kasongo ya Tippu Tip ilijulikana kwa mashamba yake ya mpunga. Mashine ya kukoboa hutaka mafuta, na mafuta hutaka pesa. Kinu hutaka mabega.

Kwa miaka mingi alitwanga na jirani yake, michi miwili katika kinu kimoja, mmoja unapanda mwingine unashuka. Jirani akahama, na bega la kulia la shangazi likaanza kuuma. Binti wa nyumba ya pili humsaidia Jumamosi, siku nyingine yuko shuleni. Nikabaki mimi. “Baba,” aliniambia (ananiita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la babu), “mkono wako ni wa kalamu. Ukichelewa kidogo, mchi wako unagonga wangu, na maumivu yanakuja huku.” Akajishika bega. Vijana waliopita njiani walicheka kumwona mwanamume kinuni, hilo lilivumilika. La bega halikuvumilika.

Kumbe nguvu si tatizo. Tatizo ni kulirudia pigo lilelile. Wanaofundisha gofu, mchezo ambao kwetu ni habari ya Lubumbashi, wanalijua jambo hili vizuri: husema kwamba kwa wachezaji bora kuinua fimbo huchukua takriban mara tatu ya muda wa kuishusha, na mwanafunzi hufanyishwa mazoezi kwa kufuata mlio mpaka uwiano huo ukae mwilini. Nami nikajitungia mazoezi. Asubuhi, kinu kikiwa na pumba tu nisije nikavunja punje za watu, nilipiga mapigo mia kwa nusu ya kimo, mia kwa kimo kamili, kisha mia nikiwa nimefumba macho. Simu niliilaza juu ya kigoda, hatua mbili kutoka kinuni, mahali palepale kila siku. Jioni, sola ikiwa imeipa kompyuta chakula chake, nilitafuta kilele cha kila pigo na kupima muda hadi kilele kinachofuata.

Wastani haukunisaidia. Vipindi viwili vya sekunde 0.5 na 1.1 vina wastani wa 0.8, sawa na vipindi viwili vya 0.8, lakini katika vile vya kwanza michi imekwisha kugongana. Kilichofaa ni mkengeuko sanifu, yaani vipindi vinatawanyika kiasi gani kuuzunguka wastani. Tena picha ilionyesha jambo ambalo mkono haukulihisi: kila baada ya mapigo kumi na kitu, kipindi kimoja kilirefuka. Ni pale nilipobadilisha mkono. Wanawake huuachia mchi ukiwa juu kabisa, wakapiga kofi, wakaudaka kwa mkono wa pili, na kofi lile hushika muda. Basi nikafanya zoezi la kubadilisha mkono kila pigo la nne, pamoja na kofi lake. Kwa siku sita mchirizi ule mrefu ukatoweka.

(Kule Kamituga, Kivu Kusini, wanawake wanaotwanga mawe ya dhahabu huitwa mamans twangaises: mzizi wa Kibantu, mkia wa Kifaransa. Neno hilo linadai makala yake lenyewe. Hapa nalitaja kwa kuwa linakiri kwamba kutwanga ni fani.)

Kisha nikamrekodi shangazi akitwanga peke yake, na mkengeuko wake ukawa mkubwa kuliko wangu. Kwa hesabu, mimi nilikuwa thabiti kuliko yeye. Lakini Jumamosi, yeye na binti, michi haikugusana hata mara moja. Tukiwa mimi naye, iligongana.

Hapo ndipo lilipoingia somo letu. Mwaka 1945 Kenneth Pike alitofautisha lugha zinazopima muda kwa mkazo na zinazopima kwa silabi. Mwaka 1967 Abercrombie alidai kwamba kila lugha iko upande mmoja au wa pili. Wapimaji walipokuja na vyombo vyao hawakuviona vipindi vilivyo sawa. Mwaka 2000 Low, Grabe na Nolan walipima kwa njia nyingine: badala ya kulinganisha kila kipindi na wastani wa vyote, walikilinganisha na jirani yake. Nilipofanya hivyo kwa mapigo ya shangazi, kila kipindi kilikaribiana mno na kilichokitangulia. Mpunga ukiwa na maganda hupiga polepole kwa uzito. Punje zikianza kuvuka hupunguza kimo asizivunje, na mchi wa kimo kifupi hurudi upesi. Mwendo wake unahama, ila hauruki. Mimi nilikuwa nimeganda mahali pamoja kama saa ya ukutani.

Nikabadili zoezi. Nilitwanga pumba huku rekodi yake ikilia sikioni, nikilenga katikati ya mapigo yake mawili, na jioni nikapima umbali kutoka katikati hiyo. Wiki ya tatu aliinua mchi wake, akanisogezea kinu kwa mguu, bila kusema neno. Tulimaliza mpunga wa siku ile. Michi iligusana mara mbili.

Bega halijapona. Amechonga mchi mwepesi zaidi, na kazi ya mwanzo, ile ya maganda, anamwachia mwenzake. Chuo kimefunguliwa, binti ameongezewa siku za jioni baada ya shule. Nilimwachia ile rekodi kwenye simu ya shangazi, dakika kumi na moja. Anasema haihitaji.